Njia ya Kisimani Pamoja na Mama Yako

Masanja mwanangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua. Nakusikia hapo uani ukimtania dada yako mdogo Kabula, naye anakurushia maganda ya karanga. Jua limeshuka nyuma ya maghala ya pamba, lakini hapa kibarazani mwanga bado upo, nami nataka kuutumia kabla hatujaitwa kula. Nimefunika cherehani na kuweka karatasi juu yake. Utaniwia radhi kwa mwandiko, maana mkono huu umezoea kuandika vipimo vya viuno na mabega ya watu.

Kesho unapanda gari moshi kwenda Mwanza, na kutoka Mwanza utaendelea mpaka Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, ukawe karani. Habari za blanketi, chandarua na maji ya kuchemsha mama yako amekwisha kuzisema mpaka Kabula amezitungia wimbo. Mimi sizirudii. Nina jambo moja tu, nalo nisingeliandika kama si neno ulilolisema juzi.

Tulikuwa tunakula. Kabula akakuuliza kama utachukua viatu vyako vya kuchezea mpira. Ukamjibu, "Nimempa Juma, atavichezea yeye. Kule nakwenda kazini, sitakuwa na nafasi ya kukimbiakimbia." Ulilisema kwa sauti ya kiutu uzima, ukamega ugali, ukaendelea kula. Mama yako akanitazama. Mimi nikatazama bakuli la mboga. Neno hilo la kukosa nafasi lilikuwa langu, mwanangu. Nililitumia miaka mingi hata likanichakaa mdomoni, na kulisikia kwako kulinishtua, kama nimekuona umevaa koti langu kuukuu ambalo nilidhani limekwisha kutupwa.

Wewe umenijua nikiwa fundi. Hukunijua nikiwa kijana wa kuchunga, kule kwa babu yako, nusu ya njia ya kutoka hapa kwenda Mwakitolyo. Siku zile nilikuwa nikitumwa chumvi mjini. Naondoka giza lingali zito, napita mbugani umande ukinilowesha mpaka mapajani, na mbele yangu vile vilima vya mawe vinaonekana kama vinaelea juu ya ukungu, havina mguu wala mzizi. Nilikuwa nikikimbia bila sababu. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyeningoja. Jua likifika utosini niko Shinyanga, na jioni nimerudi nyumbani, nami naingia ngomani kama mtu aliyeamka sasa hivi. Sikuwa na habari na miguu yangu, kama vile mtu asivyo na habari na pumzi zake. Hata leo nikifumba macho naisikia ile nyasi ikipita pembeni, shaa, shaa, na sijui kama ninayeisikia ni mimi au ni kijana mwingine aliyekuwa akiishi zamani.

Kisha nikaja mjini nikajifunza kushona. Mwenye duka Mhindi akanipa nafasi kwenye baraza yake, cherehani na kiti. Kiti, mwanangu! Nilipokwenda kijijini kusalimia, shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita senge, aliwaambia jirani zake, "Huyu anapata chakula chake akiwa ameketi." Walicheka kwa furaha, nami nikafurahi. Nani kwetu aliwahi kula bila kuinama shambani? Nikadhani nimefika.

Nikaketi. Pamba ikiuzwa, kila mtu anataka nguo mpya. Pamba ikiisha, inakuja Krismasi, inakuja Idi, zinakuja kaptura za watoto wa shule. Nikashona mchana, nikashona kwa taa mpaka wewe na mama yako mmelala. Jirani yangu wa barazani, fundi Saidi, alikuwa akiniambia, "Inuka twende hata mpaka stesheni tukaangalie gari." Namjibu, "Sina nafasi, Saidi." Tena nilijidanganya kwamba miguu yangu inafanya kazi kuliko ya mtu yeyote, kwa kuwa inakanyaga cherehani kutwa. Ilikuwa ikikanyaga na haifiki popote.

Masika moja, wewe ungali unabebwa mgongoni, mchuuzi wa ng'ombe alisimama mbele ya baraza, matope yamempanda mpaka magotini. Akasema, "Fundi, mzee wenu amezidiwa. Anakuulizia."

Malori yote yalikuwa yamekwama. Unaujua ule udongo wetu mweusi ukinyeshewa. Nikamwambia mama yako, "Nakwenda kwa miguu. Njia ile naijua, jioni nitakuwa nimefika." Nikatoka asubuhi na mapema na viatu vyangu vya mjini. Kabla sijafika mbali, viatu vimekuwa vizito kama mawe, nikavivua, nikavishika mkononi. Nilikuwa nikiitazama njia kama mtu anayemtazama rafiki wa utotoni, nikingoja inikumbuke. Haikunikumbuka. Kifua kikawaka, magoti yakaanza kutetemeka, na jua lilipofika utosini nikawa nimeketi juu ya kichuguu, sijafika hata nusu, nikivuta pumzi kama mgonjwa.

Jioni ilinikuta mbele ya nyumba ya bibi mmoja nisiyemjua. Alinipa uji. Akaniuliza, "Baba, unatoka wapi?"

"Natoka mjini."

"Mjini? Kwani ulitoka jana?"

Nikamaliza uji. Nililala kwake huku miguu ikinipwita, nikaota nakimbia na nyasi zinapita pembeni. Alfajiri sikuweza kusimama mpaka nikashika mlango.

Nilifika kwa babu yako siku hiyo alasiri. Walikuwa wamemzika asubuhi, pembeni ya zizi, na udongo ulikuwa bado mbichi. Kaka yangu Maganga akanipa mkono akasema tu, "Tulikungoja." Watu wote wakaitazama miguu yangu iliyovimba. Ndipo senge akasema, "Mleteeni kiti."

Wakaleta kile kiti cha babu yako cha miguu mitatu. Nikakikalia kwa sababu sikuwa na la kufanya. Senge akakaa chini karibu yangu, akanitolea matope kwenye vidole kwa kijiti, taratibu, kama nilipokuwa mtoto. Akasema, "Usiku kucha alikuwa akituambia, msihangaike, yule ni wa mbio, mtamwona anatokea pale mbugani." Halafu akaendelea na kile kijiti.

Sikukuambia habari hii mpaka leo, wala sikuandikii ili unihurumie. Babu yako alikuwa mtu wa kusamehe upesi. Nataka tu ujue kwamba kiti kile nilichofurahia kukikalia hakikunidai chochote kwa miaka, na siku iliponipasa kusimama, sikuweza.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa dresa, yule aliyekuwa akitibu watu wakati huo. Akaibonyeza miguu yangu, akanisikiliza kifua, akauliza, "Unatembea?"

"Kwenda wapi?"

Akacheka, akaniandikia dawa ya kuchua, akasema nitembee kila siku, hata kama sina pa kwenda. Nikaazimia. Nikasema nitaanza Jumatatu. Jumatatu ikaja na mteja wa sare. Nikasema nitatembea jioni, jioni ikaja na taa na vitambaa. Nafasi nilikuwa nikiingojea ibaki, kama kinavyobaki kipande cha kitambaa baada ya kukata suruali. Haikubaki hata siku moja. Mwaka ukapita hivyo, mwanangu, na miguu ikawa inavimba hata bila safari.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda.

Alfajiri moja ya kiangazi, wewe ulikuwa umekwisha kuanza kutembea na kuvunja vyungu, mguu uliniuma nikaamka. Nikasikia debe likigusa mlango, ngo. Nikainua kichwa. Mama yako alikuwa anatoka, kanga kichwani, ngata mkononi. Wakati huo maji ya kiangazi tulikuwa tukiyafuata mtoni, kule ng'ambo ya reli, wanawake wakichimba visima mchangani. Nilijua hivyo. Lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba gari moshi hupita usiku. Miaka yote ile maji nilikuwa nikiyakuta mtungini. Nikaketi kitandani, nikajiuliza saa ya kutembea naitafuta wapi, na kumbe ipo humu humu nyumbani, mwenzangu anaibeba kichwani peke yake.

Nikamwita, "Mama Masanja, ningoje."

"Una nini? Mguu?"

"Nataka kwenda na wewe."

Aliweka debe chini pale mlangoni. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watu watasema nimekuloga."

"Waache waseme."

Nikachukua madebe mawili na mti, nikafunga mzega. Mama yako mdogo alikuwa akikaa nasi, kwa hiyo tulikuacha kwake umelala. Nikatoka. Kwenda kulikuwa rahisi. Kurudi, mwanangu, nilimwaga nusu ya maji njiani, nikapumzika kila penye mti na hata pasipo na mti. Mama yako, debe lake limejaa na halijadondosha hata tone, alikuwa akisimama kuningoja na kutazama kando ili nisione aibu. Wanawake walipita wakinisalimia, "Mwangaluka, baba Masanja," na wakishapita nasikia kicheko kikienda nao barabarani.

Barazani Saidi alikuwa ananisubiri. "Fundi, nasikia siku hizi unauza maji?"

"Naam. Nikuletee madebe mangapi?"

Alicheka mpaka akajichoma kidole kwa sindano. Watu walicheka mwezi mzima. Wewe mwenyewe, ulipokua kidogo, ulikuja siku moja shati limechanika kwa kupigana na mtoto aliyesema baba yako ni mwanamke. Hukuniambia, Kabula ndiye aliyetoa siri. Nililishona shati lile bila kukuuliza.

Jambo gumu halikuwa kicheko. Gumu lilikuwa taa. Ili niamke alfajiri ilinibidi nilale, na ili nilale ilinibidi nizime taa na nguo ya mtu haijaisha. Nilikuwa sijawahi kumwambia mteja, "Njoo keshokutwa." Mara ya kwanza nililisema neno hilo kwa mwalimu mmoja, akakunja uso, akachukua kitambaa chake akakipeleka kwingine. Mwenye duka akaguna. Nikakaa siku nzima nikidhani nimejiharibia. Baadaye nikaona wengine wanarudi hiyo keshokutwa, wananisalimia, wanavaa, wanakwenda zao. Tena nilikuwa nikishona vizuri zaidi mchana, macho yakiwa yamelala. Saa ile niliyodhani naiiba kutoka kazini, kazi yenyewe haikuiulizia.

Lakini si hayo yaliyonifanya niendelee. Miguu ilipona polepole sana, hata sikuona ilipoanza. Kilichoniamsha kilikuwa kingine.

Siku moja, tumevuka reli, bado kuna nyota, mama yako akaanza kusema huku anatembea mbele yangu, hageuki. "Leo nimeota gari moshi limesimama uani kwetu. Abiria wote wanachungulia madirishani, wanaomba maji. Nami nawapa, debe haliishi. Halafu namwona mama yangu ameketi behewa la mwisho, amevaa gauni lile la maua, hataki maji, anataka tu nimwambie kama mtunguja wake bado unazaa."

Nikamuuliza, "Ukamjibu nini?"

"Nimeamka."

Tukatembea. Baadaye kidogo nikamuuliza kama huota kila siku. Akasema karibu kila siku. Nikasema, "Na miaka yote hii ulikuwa ukimsimulia nani?"

"Nilikuwa nayaambia madebe," akasema, akacheka peke yake.

Mwanangu, nililala karibu na mwanamke yule miaka mingi, wala sikujua kwamba ndani ya kichwa chake vilima vinafunguka kama milango na ng'ombe weupe wanatoka humo wakilia kwa majina yetu. Sikujua kwamba huota pamba ikidondoka kutoka angani, nao watu wanaikusanya kimya kimya, bila vikapu, wakiijaza katika mifuko ya nguo ambazo mimi nimezishona. Alizoea kuamka na ndoto hizo, akazibeba mpaka mtoni, akazimwaga huko, mimi nikiwa nakoroma. Tangu siku ile nikawa naamka kabla ya jogoo, kama mtoto aliyeahidiwa hadithi. Tulikuwa tunakwenda gizani na ndoto, na tunarudi mwangani na maji. Wakati mwingine, tukiwa tumenyamaza wote wawili, na ukungu umelala juu ya mashamba, nilikuwa sisikii uzito begani. Nasikia nyayo zetu tu, zake na zangu, mpaka sijui za nani ni zipi.

Ukaja mwaka waliochimba kisima cha pampu karibu na soko. Wewe unaukumbuka, ulikuwa unapanda juu ya lile bomba ukifukuzwa. Mama yako alishangilia, na haki yake. Shingo yake ilikuwa imechoka. Maji yakawa hapo tu, dakika moja. Nami nikarudi kulala. Nikasema nitaendelea kutembea peke yangu, lakini unanijua. Mtu asipokuwa na mzigo wala mwenzi, kitanda kinakuwa kitamu. Wiki zikapita. Taa ikaanza tena kuwaka usiku. Saidi akaniambia, "Fundi, viatu vinakubana?" Nikatazama. Vilikuwa vinanibana.

Alfajiri iliyofuata niliamshwa kwa kuguswa begani. Mama yako amesimama, kanga kichwani, mikono mitupu.

"Twende."

"Wapi? Maji si yapo?"

"Yapo."

"Sasa twende tukachote nini?"

"Nimeota," akasema. "Nikusimulie umelala hivyo hivyo?"

Nikaamka. Tukavuka reli bila debe, bila mzega, nami sikujua mikono yangu niiweke wapi. Tulifika mtoni, tukayatazama yale mashimo ya zamani yaliyojaa mchanga, tukarudi. Tumefanya hivyo mpaka leo. Wale wanawake waliokuwa wakicheka, wawili wao siku hizi hutukuta njiani, na mmoja huja na mumewe, mtu wa posta, mnene kuliko nilivyokuwa mimi, anahema lakini haachi.

Senge alipougua mwaka jana, na mvua zikiwa zimefunga njia tena, tulikwenda sote wawili kwa miguu. Sikukimbia, ng'wanawane, mwanangu. Ule ujana hauko tena na sitaki kukudanganya. Tulikwenda mwendo wetu, na jua lilikuwa bado juu ya vilima tulipoingia uani kwake. Alikuwa amejilaza kwenye ngozi. Akafungua jicho moja, akasema, "Mmekuja na lori gani?" Mama yako akamjibu, "La miguu minne." Alicheka mpaka akakohoa. Akaishi wiki mbili nzuri, akatuambia mambo ya babu yako ambayo nitakuandikia siku nyingine.

Geita sijafika. Watu wanaopita barazani hunieleza kwamba asubuhi ukungu hutoka upande wa ziwa ukafunika mabonde, na kwamba wachimbaji wa zamu ya usiku hutoka ardhini wakati huo, weupe kwa vumbi, wakikodoa macho kama waliozaliwa upya. Wewe utakuwa ukiingia ofisini wao wakitoka. Utapewa meza na kiti. Kifurahie, mwanangu, kiti si adui, nacho kimekulisha na kukusomesha. Kazi pia itakuwa nyingi kweli, sikatai, na bwana mkubwa atakuita kabla hujanywa chai. Mimi sitakuambia uamke saa ngapi wala utembee wapi. Siijui njia ya huko, na miguu yako siyo yangu. Labda kwako itakuwa mpira, labda kilima kimoja nyuma ya nyumba za makarani, labda mtu fulani ambaye huenda mahali kila siku na mzigo wake, nawe hujawahi kumuuliza. Uangalie tu humo humo ndani ya siku yako. Mimi nilitazama nje yake miaka mingi, nikachoka bure.

Mama yako ameita mara mbili. Sasa ameita mara ya tatu, kwa jina lako, "Baba Masanja!", maana yake ni mimi.

Barua hii nitaitia katika mfuko wa ndani wa koti lako jipya, nawe najua utaupapasa kabla hujalala, kwa sababu unapenda kukagua kazi yangu. Gari moshi linaondoka asubuhi, muda upo. Alfajiri mimi na mama yako tutapita chini ya dirisha lako kama kawaida. Hatutagonga wala hatutakuita, kijana anayesafiri ana haki ya usingizi wake. Lakini mpaka tufike relini tutakwenda polepole kidogo kuliko siku zote.

Baba yako